Premio au Hilux: kisa cha wafugaji wa kuku wa Kasapa, Lubumbashi

Familia inayohusika inaishi na kufuga upande wa Kasapa, komini ya Annexe, kilomita 14 kutoka katikati ya Lubumbashi. Baba anafundisha shule mjini, watoto 2 wanasoma huko huko, na mama ndiye mwenye mradi: kuku 500 wa mayai. Barabara ni lami kwa kilomita 10, halafu kilomita 4 za udongo mwekundu. Katikati ya hizo 4 njia inashuka kwenye dembo (eneo la chini linalojaa maji wakati wa mvua), na kuanzia Desemba hadi Machi maji yanasimama hapo kwa urefu wa kama mita 30.

Mfukoni wana dola 12,000 na hawataki kukopa. Magari yaliyobaki baada ya kuzunguka ni 2. La kwanza ni Toyota Premio ya 2005, injini ya lita 1.5 ya esansi (petroli), linaombwa dola 7,000. La pili ni Toyota Hilux ya 2008, kabini mbili, magurudumu manne yanavuta, injini ya lita 2.5 ya mazutu (dizeli), linaombwa dola 11,500. Ndugu na majirani wote walisema Hilux: mfugaji bila pikapu ni mfugaji gani? Jibu lililofaa lilikuwa Premio, na sababu zake hazionekani mpaka mzigo upimwe kwa kilo na njia ipimwe kwa mita.

Mzigo wenyewe

Kuku wa mayai aliyekomaa anakula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Tuchukue 115. Kuku 500 wanamaliza kilo 57 na nusu kwa siku, yaani kilo 400 hivi kwa wiki. Hiyo ni mifuko 8 ya kilo 50.

Mayai nayo: banda likitaga kwa asilimia 80, ni mayai 400 kwa siku, 2,800 kwa wiki, trei 93 za mayai 30. Trei moja iliyojaa, yai likiwa na gramu 60, ina karibu kilo 1.9 pamoja na karatasi yake. Kwa wiki nzima mayai yote hayafiki kilo 180.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Wanaona "mzigo wa kuku" kama kitu kimoja, kumbe ni mizigo 2 isiyofanana kabisa. Chakula ni kizito, hakivunjiki, na kinaweza kungoja. Mayai ni mepesi, yanavunjika, na lazima yatoke kila baada ya siku chache. Gari moja halilazimiki kubeba vyote viwili.

Premio inabeba nini kihalali? Hati za Japani zinahesabu uzito wa jumla wa gari dogo kwa njia rahisi: uzito wa gari tupu, halafu kilo 55 kwa kila kiti. Viti 5 ni kilo 275. Hicho ndicho kipimo cha kushika. Dereva wa kilo 75 akiwa peke yake anaweza kuchukua mifuko 4 ya chakula na akafika ukingoni kabisa. Zaidi ya hapo bushi za nyuma, shokapu na tairi ndizo zinazolipa. Hilux ya kabini mbili inabeba kilo 700 hadi 900 kulingana na toleo. Mifuko 8 kwake si kitu.

Lakini mifuko 8 ni mara moja kwa wiki. Siku 6 zinazobaki bodi inakwenda tupu, ikiwa na mwalimu, watoto na mikoba ya shule. Mama akinunua chakula cha wiki 4 kwa pamoja, ni mifuko 32, kilo 1,600, ambayo hata Hilux haiwezi kuichukua kwa safari moja bila kuumia. Kamyoneti ya kukodi kutoka kwenye kinu inaichukua mara moja. Wiki 4 ndiyo mwisho, hasa masika: chakula kilichochanganywa kikikaa zaidi kwenye unyevu kinaota kuvu, na kuvu wa mahindi ni sumu kwa kuku hata kabla hujaona rangi yake. Mifuko iwekwe juu ya mbao sentimita 15 kutoka sakafuni, na mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita.

Mayai na springi za nyuma

Pikapu ina springi za vyuma bapa nyuma, zimepangwa moja juu ya nyingine kwa ajili ya kubeba karibu tani. Zikiwa hazina mzigo hazikunji. Kila shimo linapanda moja kwa moja hadi sakafuni mwa bodi. Ukiweka trei 31 za mayai, kilo 59 tu, springi hizo hazijui kama kuna kitu. Trei za chini zinapigwa, na yai linapasuka kwa ufa mwembamba usioonekana mpaka mteja alishike. Ongeza vumbi la Juni hadi Septemba, jua la Oktoba na mvua ya ghafla ya Novemba juu ya bodi wazi.

Buti ya Premio ina springi laini, kifuniko, na kivuli. Trei zipangwe safu zisizozidi 6 kwenda juu, ubavu kwa ubavu bila nafasi, na blanketi likunjwe mara mbili chini yake. Mirundo 6 ya namna hiyo inaenea, yaani trei 36. Kwa kuwa baba anakwenda mjini kila siku ya kazi, hakuna haja ya safari maalumu: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, trei 31 kila mara, na wiki imekwisha. Gari linapoegeshwa shuleni saa 1 asubuhi mayai yawe yameshashushwa kwa mteja, kwa sababu buti iliyofungwa juani Oktoba inageuka tanuri.

Mita 30 za dembo

Hoja nzito kuliko zote upande wa Hilux ilikuwa matope. Tumbo la Premio liko sentimita 16 hivi kutoka ardhini, la Hilux ya aina hii linazidi 20. Na Hilux ina gia ya magurudumu manne.

Hata hivyo, swali la kwanza halikuwa "gari gani linapita", bali "ni mita ngapi zinazozuia". Jibu lilikuwa mita 30. Kilomita 3.97 zilizobaki ni za mashimo na vumbi, lakini teksi za kawaida zinapita mwaka mzima. Kujaza mita 30 kwa upana wa mita 3 na unene wa sentimita 20 kunahitaji mita za ujazo 18. Hizo ni lori 3 za mita 6. Chini mawe yaliyovunjwa ya ukubwa wa ngumi, juu changarawe ya udongo mwekundu, ishindiliwe ikiwa na unyevu kidogo, katikati iinuke ili maji yamwagike pembeni. Udongo wa kichuguu usitumike: unafaa kwa matofali, lakini barabarani ukilowa unateleza na kunasa. Mfereji mmoja upande wa juu na bomba la saruji chini ya njia ndivyo vinavyofanya kazi hiyo idumu. Bila mfereji, mvua za Januari zinaichukua yote.

Kwa bei walizotajiwa, mawe, lori na vibarua vilifika dola 400. Jirani wawili wanaotumia njia hiyo hiyo walikubali kuchangia. Kununua magurudumu manne kwa dola 4,500 za ziada kwa sababu ya mita 30 ni hesabu isiyosimama.

Jambo jingine ambalo wanunuzi hawaambiwi: pikapu yenye bodi tupu ikiwa kwenye gia ya kawaida inavuta kwa nyuma, mahali pasipo na uzito. Kwenye utelezi inazunguka bure mapema kuliko gari dogo linalovuta kwa mbele, ambalo injini yake imekaa juu ya magurudumu yanayovuta. Pikapu za magurudumu mawili ni nyingi sokoni, zina sura ile ile ya juu, na kwenye dembo zinawaaibisha wenyewe. Hii iliyotazamwa ilikuwa na magurudumu manne kweli, ila gia hiyo haitumiki kwenye lami kavu. Ukiisahau, ekseli na giaboksi ya kugawa nguvu vinakazana mpaka kitu kivunjike.

Hilux ilipofunguliwa

Muuzaji alisema: "Mama, hii imetoka Japani moja kwa moja, haijaguswa." Hilux ziliacha kuuzwa Japani mwaka 2004 na zikarudi 2017. Kwa hiyo Hilux ya 2008 haiwezi kuwa iliuzwa mpya Japani. Namba ya chesisi ilianza na MR0, maana yake ilitengenezwa Thailand. Zinazoanza na AHT ni za Afrika Kusini. Si dosari, magari ya Thailand ni mazuri. Ila muuzaji asiyejua gari limetoka wapi hawezi pia kujua lilitunzwa vipi. Herufi za aina, KUN25, zilithibitisha injini ya 2.5 yenye turbo na magurudumu manne. Namba hiyo imegongwa kwenye chuma cha chesisi upande wa kulia mbele. Isuguliwe kwa tambara na mazutu, isomwe, ilinganishwe na karte rozi (hati ya usajili wa gari) herufi kwa herufi.

Injini hii inakaguliwa ikiwa baridi. Mafundi walifika saa 12 na nusu asubuhi bila kupiga simu, wakaweka mkono juu ya injini kabla ya salamu kwisha. Ilikuwa baridi. Iliwaka kwa shida, ikatoa moshi mweupe kwa karibu dakika 1, ikagonga, halafu ikatulia. Muuzaji mwenye ujanja huiwasha kabla wewe hujafika, na dalili zote hizo zinapotea.

Kisha kikafunguliwa kifuniko cha kumiminia oili, tochi ikaingizwa. Ndani palikuwa na ukoko mweusi mgumu, kama lami iliyokauka. Ukoko huo ndio moyo wa kisa hiki upande wa Hilux, na inafaa ueleweke vizuri. Chini ya kila injekta, kifaa kinachopulizia mazutu ndani ya silinda, kuna washa (pete) ya shaba inayozuia moto wa silinda usipande. Washa ikichoka, gesi za moto zinapenya, zinapanda hadi chini ya kifuniko cha vali na kuunguza oili. Masizi yanashuka na oili mpaka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kuziba chujio dogo ambalo pampu inanyonyea. Oili haipandi tena ya kutosha. Turbo ndiyo inayokufa kwanza, kisha bearing za kranki, na gari ambalo jana lilikuwa zima leo linahitaji injini. Taa ya oili mara nyingi inawaka wakati mambo yameshaharibika.

Dawa ipo, na haifanywi nusu: injekta zote 4 zitolewe, washa zote zibadilishwe, mabaki yasuguliwe kwenye viti vyake, sampu ishushwe, chujio lisafishwe au libadilishwe, oili mpya itiwe na kumwagwa tena baada ya kilomita 1,000. Fundi anayebadilisha washa bila kushusha sampu ameacha tatizo ndani.

Walipima pia injekta zenyewe. Mirija ya kurudisha mazutu inatolewa, kila injekta inapewa chupa yake, injini inaachwa iunguruke taratibu dakika 2. Chupa zinatakiwa zikaribiane. Tatu zilikaribiana, ya silinda ya 3 ilijaa zaidi ya mara mbili. Injekta hiyo inavuja ndani. Mpya za asili 4 zinaweza kupita dola 1,000 kirahisi, na kwa injini nyingi za aina hii namba ya kila injekta lazima iandikwe kwenye kompyuta ya gari kwa mashine, la sivyo injini inagonga na kutoa moshi ingawa vipuri ni vipya. Injekta zilizotolewa kwenye gari jingine ni bahati nasibu.

Kwa nini zinachoka mapema hapa? Mazutu yenye maji na vumbi. Mfumo huu unasukuma mafuta kwa shinikizo kubwa mno, na tone la maji linatosha kukwangua sindano. Mwenye gari kama hili Lubumbashi abadilishe filta ya mazutu kila kilomita 10,000, afungue kizibo cha chini ya filta kumwaga maji kila wiki 2, na asinunue mazutu ya bidoni hata siku moja.

Yaliyobaki kwa ufupi. Mkanda wa taiming wa injini hii unabadilishwa kwa kawaida kwenye kilomita 150,000. Hapakuwa na ushahidi wowote, na mkanda usio na ushahidi unahesabiwa umekwisha. Nyuma ilikuwa imeongezwa chuma kimoja cha springi kila upande ili ibebe zaidi, bila kurekebisha vali ya breki inayosoma mzigo. Vali hiyo inatazama umbali kati ya chesisi na ekseli. Ukiinua chesisi, inadhani gari ni tupu hata likiwa na kilo 800, na inapunguza breki za nyuma wakati unazihitaji. Chesisi ilipigwa nyundo ndogo kuanzia kabini hadi mwisho, hasa panaposhikwa springi: sauti ilikuwa kavu na safi, hakuna kutu ya kutisha. Kwa hilo lilistahili sifa.

Gharama ya kulirudisha kwenye hali ya kuaminika ilikadiriwa kati ya dola 1,500 na 2,000. Baada ya kununua, familia ingebaki na dola 500.

Premio

Hili ni gari rahisi zaidi kukagua. Namba yake ilianza na NZT240: mwili wa 2001 hadi 2007, injini ya 1.5 yenye cheni ya taiming badala ya mkanda. ZZT240 ni ya 1.8. AZT240 ni ya 2.0 inayopuliza esansi moja kwa moja kwenye silinda. Hiyo iachwe, pampu yake na uchafu wake wa vali vinasumbua mafundi hata mahali penye vifaa. Premio zilizofuata, za mwili wa 260, zina giaboksi ya mkanda isiyo na gia. Ni laini kuendesha, lakini ukiitia mafuta yasiyo yake mara moja tu umeiua. Ya mwili wa 240 yenye 1.5 ina gia 4 za kawaida za otomatiki, na kwa garaji za komini za Katuba, Kenya au Kamalondo hiyo ni faida kubwa.

Ilipowashwa baridi cheni ilisikika sekunde 1 hivi, ikanyamaza. Ikipiga kelele zaidi ya sekunde 3, kikazio kimechoka au oili ilikuwa haibadilishwi. Mafuta ya giaboksi yalikuwa ya kahawia lakini hayakunuka kuungua. Yabadilishwe nusu nusu mara 2 kwa umbali wa kilomita 1,000, si kumwaga yote na kusafisha kwa shinikizo. Shokapu za mbele zilikuwa zimekufa, linki za stabilaiza zinagonga, bushi moja ya mkono wa chini imepasuka. Sampu ilikuwa imebonyea kwa kugongwa na jiwe. Hayo yote ni ya kawaida kwa gari dogo la Lubumbashi, na kwa jumla, kazi na vipuri vyema, yalikadiriwa dola 450. Bei ikateremshwa hadi 6,700 kwa sababu hiyo.

Kabla ya kuanza kazi ya shamba liwekewe vitu 2. Kwanza bamba la chuma la milimita 3 chini ya injini, lenye tundu la kumwagia oili na matundu ya hewa, lifungwe kwenye fremu ndogo ya mbele, si kwenye bati. Pili, vipande vya kuinua springi, sentimita 2 na nusu. Mafundi wengine wataahidi sentimita 5. Wakatazwe: shafti za mbele zinakaa kwa pembe kali, mpira wake unapasuka, grisi inatoka, vumbi linaingia, na baada ya miezi michache zinaanza kulia kila unapokata kona.

Kiangazi chujio la hewa lifunguliwe kila kilomita 2,500 na lipulizwe kutoka ndani kwenda nje. Vumbi jekundu la Kasapa linapita kwenye chujio la bandia kana kwamba halipo, na injini inaanza kula oili.

Mwaka mmoja kwenye karatasi

Safari za shule na kazi ni kilomita 140 kwa wiki, mizunguko ya mayai na mambo ya nyumbani 80. Kwa mwaka ni kilomita 11,440. Premio ikinywa lita 9 kwa kilomita 100, ni lita 1,030. Hilux ikinywa 11, ni lita 1,258. Kwa mfano wa dola 1.30 kwa lita, tofauti ni dola 296. Wengi wanadhani hapa ndipo Hilux inapoumiza. Si kweli sana.

Oili: injini ya Premio inachukua lita 3.7, ya Hilux 6.9. Kwa mabadiliko 2 kwa mwaka na dola 6 kwa lita, tofauti ni 38. Tairi, seti moja kila miaka 3, dola 280 dhidi ya 560: tofauti ni 93 kwa mwaka. Filta za mazutu, 30. Jumla Hilux inazidi kwa dola 457.

Upande wa pili, mwenye Premio analipa kamyoneti mara 13 kwa mwaka, dola 45 kila mara: 585. Kwa hiyo Hilux isiyoharibika ingeokoa dola 128 kwa mwaka. Tofauti ya bei zilizoombwa ni 4,500. Ingehitaji miaka 35 kurudisha tofauti hiyo, na hapo hatujahesabu injekta hata moja.

Ni haki kusema kwamba Hilux inashika bei. Ukiiuza baada ya miaka 4 unapata sehemu kubwa ya pesa yako, Premio itakuwa imeshuka zaidi. Lakini pesa iliyofungwa kwenye gari hainunui vifaranga, na familia inayobaki na dola 500 ikipata injekta mbovu mwezi wa 2 inauza kuku ili kutengeneza gari. Akiba ndiyo iliyoamua kisa hiki kuliko kitu kingine chochote. Baada ya Premio, matengenezo yake, bamba la chuma na barabara ya dembo, walibaki na zaidi ya dola 4,000.

Usukani wa kulia

Premio zote zina usukani wa kulia, na Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Kwa lami ya mjini ni jambo la kuzoea. Kwenye barabara ya Likasi, nyuma ya malori ya shaba, ni hatari ya kweli: dereva haoni mbele mpaka nusu ya gari imeshatoka. Kanuni ni kukaa nyuma, mbali, mpaka njia ionekane ukiwa umbali wa lori 2, na abiria wa mbele asiwe ndiye anayeamua.

Watoto je? Mlango wa nyuma wa kushoto unafungukia magari yanayopita. Kwenye ubavu wa mlango huo, karibu na kufuli, kuna kitufe kidogo cha kuzuia usifunguliwe kutoka ndani. Kishushwe siku ya kwanza kisiguswe tena. Watoto washuke kulia.

Kwa hati, malipo yalikatwa mara 2. Sehemu ndogo siku ya makubaliano mbele ya mashahidi, iliyobaki baada ya namba ya bodi, kibati cha injini, karte rozi na risiti za DGDA (idara ya forodha) kuonekana zinasema kitu kimoja, na jina la muuzaji kuwa ndilo lililoko kwenye karte. Muuzaji ambaye si mwenye jina alete hati ya uuzaji inayounganisha majina yote, hata kama yamepita mikono 3.

Palipokuwa na jibu la tatu, na jibu linapogeuka

Toyota Probox, gari dogo la mizigo, ina injini ile ile ya 1.5 na imeandikishwa kubeba kilo 400 ikiwa na watu 2. Iliyotunzwa ingewafaa kuliko magari yote mawili. Zilizopatikana wiki zile zilikuwa zimefanya kazi ya teksi na mizigo mpaka nyuma zimeinama, na hakuna bei inayotengeneza bodi iliyopinda.

Jibu linageuka kuwa pikapu kwa sababu 3 zinazopimika. Ya kwanza ni kuku wakifika 1,200: chakula kinakuwa karibu tani 1 kwa wiki, na kamyoneti inakuja mara nyingi kiasi kwamba kukodi kunazidi kumiliki. Ya pili ni shamba likihamia mbali upande wa Kasenga, kwenye makumi ya kilomita za udongo ambazo haziwezi kujazwa mawe. Ya tatu ni mama akianza kuuza kuku hai, kwa sababu matenga hayaingii kwenye buti.

Hata hapo, Hilux ya kutafuta si hii. Ni ya kabini moja yenye injini ya 3.0 isiyo na turbo, herufi zake za aina zinaanza na LAN. Ni nzito kupanda, hasa Lubumbashi ambako mwinuko wa mita 1,200 unapunguza nguvu za injini isiyo na turbo kwa kama asilimia 12, na inatoa moshi ikiwa na mzigo. Lakini haina mfumo ule wa shinikizo kubwa, inavumilia mazutu mabaya zaidi, na fundi yeyote wa mjini anaifungua bila mashine. Inakaa watu 3 mbele. Kwa hiyo ikinunuliwa, Premio isiuzwe.